Mama Plasta Anyoosha Mabega

Mtaani wanamwita Mama Plasta, na jina limemkaa. Miaka nenda rudi amepiga plasta kuta za watu, shingo mbele, mwiko mkononi, hadi mabega nayo yakajikunja kuja mbele kana kwamba yanataka kuchungulia kazi. Hakujali, mpaka mkono wa kulia ulipogoma. Ulipanda ukafika usawa wa sikio, ukakataa katakata kwenda juu zaidi.

Haukuwa wakati wa kugoma. Mwezi uliofuata kazi ya dari la ukumbi mpya ingeanza, na msimamizi hakumung'unya maneno: asiyeweza kupiga plasta juu ya kichwa angeshushwa akachanganye saruji. Fundi mzima, arudi kuwa kibarua!

Mtaalamu wa viungo kliniki alimpa mazoezi. Asimame mlangoni, mikono kwenye miimo, atangulize mguu mpaka kifua kifunguke. Mabapa ya mabega ayabane nyuma, ashikilie, aachie. Kisha aegemee ukuta, visigino, mgongo na kichwa viguse, huku akiitelezesha mikono juu polepole.

"Ukisikia maumivu makali, acha. Usijitutumue," alimwonya.

Nyumbani ikawa raha tupu. Mumewe, mtu wa utani tangu uchumba wao, alikuwa akichukua timazi, ile kamba ya mafundi yenye chuma mwishoni, anaining'iniza kando ya sikio la mkewe aone kama inaangukia kwenye kifundo cha mguu.

"Leo umenyooka, mke wangu. Nikikupaka rangi nakuuza."

Mikono ikapanda. Sikio likapitwa, utosi ukapitwa! Ila kichwa hakikugusa ukuta hata kidogo, na hilo lilimnyima raha. Jumapili, kesho yake ndiyo dari, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Timazi inasema wewe uko sawa," mume alisema. "Hebu tumpime na huyu mwenzako."

Akaining'iniza ukutani. Ukuta ulikuwa umelalia nyuma, huko juu vidole viwili vizima.

"Nani alijenga huu?" aliuliza, naye anajua fika.

Aliujenga Mama Plasta mwenyewe, alipokuwa bado anajifunza kazi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, mbavu hana. Kumbe alikuwa amenyooka, ukuta ndio ulikuwa ukimkimbia! Alitamani kukuche hapo hapo.

Jumatatu alitangulia wote kupanda jukwaani. Alijaza mwiko, akavuta mabega nyuma, mkono ukapanda wenyewe. Akabandika saruji darini, akakandamiza, ikashika. Akasogea akabandika tena, na tena, furaha ikimsukuma kutoka pembe hadi pembe, mpaka karai likabaki tupu.

Msimamizi alikuwa chini, kakodoa macho.

"Mama, vipi huo mkono?"

"Mkono upo, baba. Saruji ndiyo imeisha."