Amina Iliyomvusha Dada Yangu Kutoka Kagunga

Nilisafiri kwenda Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya Ziwa Tanganyika, kumtafuta dada yangu Leonsia, aliyekuwa ameolewa Burundi na kukimbia machafuko ya huko. Mkimbizi mmoja aliyefika kwetu Rusimbi, Kigoma, alituambia amemwona huko ufukweni, mjamzito, peke yake.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Ujiji. Maalim Shabani, mwalimu wa madrasa mwenye boti, alikubali kunipeleka. Kabla ya kuwasha mashine aliomba dua. Mimi, Mkatoliki, nikajikuta nimeitikia, "Amina!"

Njiani nikamwuliza, "Maalim, hivi neno hili ni lenu au letu?"

Akacheka. "Sote tumelikuta, mwanangu. Wayahudi walilitamka kwa Kiebrania kabla yetu, maana yake: ni thabiti, na iwe kweli. Sisi tukiitikia, tunamwomba Mola apokee. Lina undugu na imani, na amana pia."

Saa sita mchana tukafika Kagunga. Watu walijaa kati ya maji na mlima. Niliita jina la dada mpaka sauti ikakauka. Mwanamke mmoja akainuka taratibu, kajifunga shuka.

"Yoo! Kaka!"

Tulikumbatiana tukalia. Lakini alipoiona boti alirudi nyuma.

"Siendi! Mwenye mtumbwi mmoja alitunyang'anya vitu, akatutelekeza kwenye miamba. Mzee huyu simjui."

Nilimsihi, wapi! Maalim hakubishana naye. Aliinua mikono, akasema polepole, "Ewe Mungu, mama huyu na kiumbe chake ni amana kwangu. Nikiwadhuru, niulize mimi."

"Amina!" nikaitikia kwa nguvu. Wanawake wa Kirundi waliokuwa karibu yetu nao wakaitikia.

Leonsia akamkazia macho Maalim. "Nanyi Waislamu mnasema hivyo?"

"Tunasema, mama. Na mimi nimesema kwa moyo wote."

Dada akanishika mkono, akasema, "Amina," akaingia majini kuifuata boti.

Jioni, Ujiji. Mawimbi yalikuwa yametulowesha sote, lakini Leonsia alishuka kwa miguu yake mwenyewe, kichwa juu. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walipiga vigelegele, naye akacheka kwa sauti.

Tangu utoto nilisema Amina ili sala iishe. Safari ile ilinifundisha kwamba anayeitikia amekubali kubeba sehemu ya kilichoombwa. Wiki mbili baadaye dada alijifungua binti mwenye afya tele, na mikono iliyompokea ilikuwa ya mke wa Maalim.