Ua Ambao Shemeji Hakuugusa

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alikuwa fundi bati mpaka magoti yake yalipogoma kupanda ngazi. Baada ya hapo akajifanya mlinzi wa moto, kazi ambayo hakuna aliyemwajiri. Mtaa wetu umepakana na kilima cha nyasi, na kila kiangazi yeye ndiye wa kwanza kutoka na fyekeo na reki. Kwake huoni jani chini. Watu wakambandika jina, Bwana Majani, na mimi, Mungu anisamehe, ndiye niliyelianzisha.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu: ua wa misonobari uliotenganisha nyumba zetu. Mume wangu aliupanda kwa mikono yake. Kwa nje ulikuwa kijani, ndani umekauka kau.

"Shemeji, huu ua ni kiberiti," alikuwa akiniambia. "Na mifereji ya paa lako imejaa majani. Moto ukishika hapa, tumekwisha sote. Niruhusu nikate japo upande wangu."

"Kata chochote, ila ua wa mume wangu usiuguse mpaka niseme mwenyewe."

Anaitikia, anaondoka. Kesho yake huyo, na maneno yale yale. Nikachoka, nikaanza kutopokea hata simu zake.

Siku ile nilikuwa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, napiga pasi mashuka. Saa nane mchana simu ikalia. Shemeji. Nikaigeuza kifudifudi. Ikalia tena na tena, mara nne.

"Bwana Majani huyo, kakumbuka ua," nilimwambia mwenzangu. Tukacheka.

Niliporudi, kilima kizima kilikuwa cheusi. Nyumba yangu imesimama, bati linachuruzika maji. Majirani wakanisimulia. Shemeji alisimama kwanza kwenye ua, panga mkononi, kisha akalitupa chini, akapanda juu ya paa langu kwa magoti yale yale mabovu. Akakwangua majani yote ya mifereji, akamwaga maji ndoo baada ya ndoo. Kwake hakuhofia sana, maana palikuwa safi. Lakini moto ukafuata ua wangu mpaka dirishani kwake. Zilibaki kuta.

Sasa anaishi kwangu, chumba cha nyuma. Hajanilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo linaloniua. Angenitukana, ningepumua. Majuto ni mjukuu, na wangu nimembeba mgongoni kutwa kucha.

Juzi, tukinywa chai, nikajikaza nikamuuliza.

"Panga ulikuwa nalo mkononi, Shemeji. Si ungeukata tu?"

Akaweka kikombe chini, taratibu, asije akamwaga chai kwenye kitambaa changu.

"Nilikupigia nikuombe ruhusa," akasema. "Hukupokea."