Matanga ya Maternité ya Lubunga

Niliacha kazi kwenye depo ya tonton, mjomba wa mke wangu, siku aliyonituma kuhesabu upya magunia ya sukari ambayo hata panya wa mle ndani walikuwa wanayajua kwa kichwa. Nilimwambia nashukuru kwa yote, lakini nataka kujitegemea, nitatengeneza programu za simu. Tonton ni mfanyabiashara kutoka Kivu, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, asiyeamini kitu kisichowekwa juu ya mizani. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa.

"Bon, mutoto yangu," alisema. "Ukisikia njaa, mulango iko wazi."

Angenitukana ningesamehe mapema zaidi.

Na kusema kweli, nani asingeipenda kazi ile? Nilikuwa nafanya kazi nimevaa bukta, miguu ndani ya beseni la maji kwa sababu ya joto, kompyuta juu ya mapaja. Sikuwa na bosi. Courant ya umeme ikikatika, inakatika kwangu peke yangu, na hakuna wa kuniuliza mbona sijamaliza. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuita toleka, wale vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli. Hakuna aliyeitaka. Mtu atafungua simu amwite toleka kwa sababu gani, wakati toleka mwenyewe anamwita yeye kutoka ng'ambo ya barabara, tena kwa jina la mama yake?

Ya pili sitaizungumzia. Ya tatu ndiyo iliyoshika, na ilishika kwa sababu ya vifo.

Huku kwetu Kisangani mtu akifa, unakwenda matangani. Si suala la kupenda. Unakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, unakunywa kahawa, unasema neno moja juu ya marehemu, unaondoka. Usipokwenda, watakukumbuka vizuri siku ya kwako. Taabu ni kujua matanga yako wapi. Zamani tulikuwa tunafuata makuti ya michikichi yaliyosimikwa kwenye kona ya avenue, na mimi mwenyewe niliwahi kuyafuata nikalia kwa bidii kwa watu nisiowajua, mpaka lituma, ndizi za kupondwa, ikaletwa nikaona ni afadhali nile kabla ya kuuliza. Basi nikatengeneza programu: familia inaandika jina la marehemu, saa aliyokufa, mahali na saa ya matanga, na simu za watu wote zinapata tangazo lenye utepe mweusi na sauti ya kwaya. Watu waliipokea kwa mikono miwili.

Aliyeichukia ni mama yangu. Mama ni mkunga katika maternité ya Lubunga, kwenye ukingo wa kushoto wa mto, huku huku tunakoishi. Karibu kila mtu wa avenue yetu amepita mikononi mwake, na ukigombana naye anakukumbusha ulivyokuwa siku ile.

"Miye nafungulia batu mulango ya mbele," aliniambia, "na weye unasimama ku mulango ya nyuma unapiga kengele. Njo hii kazi nilikusomeshea?"

Halafu ikaja réforme ya afya, mageuzi ya serikali. Aliileta docteur mmoja kutoka ofisi ya ng'ambo ya mto, mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Alituita uani mwa maternité, akabandika karatasi ukutani. Karatasi ya kwanza ilisema kuzaa ni bure, na watu wakapiga makofi. Karatasi ya pili ilisema kwamba, ili mambo yaende vizuri, wanawake wote sasa watazalia katika hospitali kubwa ya ukingo wa kulia, na hii yetu itabaki kufunga vidonda na kutoa dawa za malaria. Docteur alionyesha safari yenyewe kwenye ramani kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa fupi kweli. Katikati palikuwa na mstari wa buluu, na ule mstari ndio mto Kongo.

Mama alinyanyua mkono.

"Docteur, bac ya kuvusha batu imekufa. Mwanamuke wa uchungu atapita na nini?"

"Kuko pirogue, mama."

"Uliisha kuzalia mu pirogue?"

Docteur alikiri kwamba hajawahi.

Mke wangu alikuwa amekaa karibu nami, tumbo limefika mahali ambapo hata kukaa kitandani lilikuwa jambo la kupangia mkutano. Nilimwona kichwani mwangu akiwa juu ya ubao wa pirogue, yaani mtumbwi, mikungu ya ndizi za makemba huku, mbuzi kule, mkondo unavuta, na dereva anabishana na motor yake. Niliogopa. Sikuzungushi, niliogopa kweli.

Wakunga waliandamana. Walivaa blauzi zao nyeupe, wakachukua filimbi, na kila mmoja akashika tawi la majani kuonyesha kwamba wanatembea kwa amani. Walitoka maternité mpaka kivukoni na kurudi. Waliowafuata ni kuku. Watu wa Lubunga waliwatazama kutoka vizingitini, wakawapungia mkono kwa heshima, wakabaki hapo hapo, maana maandamano wanayajua: yanaanza kwa nyimbo na kuishia kwa moshi machoni na kukimbia na kandambili moja.

Mama alirudi miguu imevimba. Alisukuma yangu nje ya beseni, akaingiza yake.

"Alors. Ile machine yako ya wafu inaweza kuita batu?"

"Inaweza, mama."

"Basi ita. Kesho asubui, mbele ya maternité."

Sasa, programu ile ilijua kusema neno moja tu. Kila tangazo lilianza: "Kwa huzuni kubwa tunawatangazia kifo cha", ndipo unaandika jina. Kuibadilisha yote ilikuwa kazi ya jioni nzima, na courant ilikuwa imerudi mchana ule baada ya kutukimbia kwa siku kadhaa. Pale pa jina niliandika: Maternité ya Lubunga. Mahali: mbele ya mlango wake. Saa ya kufa: kesho asubuhi. Chini kabisa, kwenye nafasi ya neno la familia, nilieleza kila kitu vizuri: njooni wote tuandamane, wanataka kuifunga. Ndipo nikashuka kwenye matumbo ya programu kufuta yale maneno ya kifo na utepe wake. Sikufika mbali. Courant ikakatika, betri ikaanza kuwaka nyekundu, nami nikajisemea kwamba mtu mwenye akili atasoma mpaka chini. Nikatuma.

Hakuna mtu anayesoma mpaka chini. Hata mimi sijawahi kusoma mpaka chini.

Asubuhi tulipotokea na filimbi zetu, makuti yalikuwa tayari yamesimikwa kwenye kona. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka paa la maternité mpaka kwenye mti wa jirani. Viti vya plastiki vilijaa uwanja. Wanawake wa avenue walikuwa wameketi kwenye mikeka, vitambaa kichwani, wanalia kwa mpangilio, mmoja akichoka mwingine anapokea. Upande huu kwaya ya parokia, upande ule wazee Waislamu wa zile familia za zamani za mjini, kofia kichwani na tasbihi mkononi, kwa sababu tangazo halikusema marehemu alikuwa wa dini gani. Fanfare ilikuwa inajaribu tarumbeta.

"Alikufa na nini?" mwanamke mmoja aliuliza nyuma yangu.

"Banasema ni réforme."

"Ee. Ile ugonjwa haiponeshake mutu."

Mama aligeuka akanitazama. Mtazamo ule naujua. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unatangulia kofi. Nikajiandaa. Lakini aliutazama pia umati, kuanzia mbele mpaka nyuma, na nikaona hesabu zinapita usoni mwake. Akatia filimbi mfukoni. Akafungua kitambaa chake, akakifunga upya namna wanavyofunga wafiwa, akaenda kukaa kwenye mkeka wa mbele, ule wa familia.

"Ikala," aliniambia. "Weye iko mutoto ya marehemu. Ulizaliwa humu."

Hilo lilikuwa kweli. Nikakaa. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwomba abaki nyumbani, akajishusha taratibu karibu yangu, akaegemea ukuta, akasema hawezi kukosa matanga ya namna hii.

Polisi walifika kwa lori, fimbo mkononi, kwa sababu wameambiwa kuna maandamano. Walikuta matanga. Na hapa mjini hakuna polisi anayetawanya matanga. Mama yake mwenyewe asingemsamehe. Komanda alivua kofia, askari wote wakavua. Akaletewa kiti na kahawa. Akaniinamia akaniuliza polepole marehemu amelazwa wapi, nami nikamwonyesha jengo kwa kidole. Alilitazama kwa muda mrefu, mlango, madirisha, bati lenye kutu.

"Batoto bangu bote njo humu balizaliwa," alisema. Akanywa kahawa yake.

Tonton naye alivuka kwa pirogue, suti nyeusi, na nyuma yake mpagazi mwenye gunia la sukari kichwani, kwa sababu mkwe amefiwa na mkwe hafiwi peke yake. Nilimweleza. Nilitegemea anirudishe depo hapo hapo kwa kunishika sikio. Yeye alizunguka uwanja kwa macho, kama anayeupima.

"Hawa bote, ni simu njo ilibaita?"

"Ndiyo, tonton."

"Bila kutuma mutu?"

"Bila."

Alikaa chini. Huo mwaka mzima sikuwa nimepata sifa kubwa kuliko kule kukaa kwake.

Lakini aliyesubiriwa ni docteur. Desturi haina huruma: mtu mliyekuwa na maneno naye akifa, usipotokea matangani kwake, kila mtu atasema wewe ndiye uliyemuua. Kabla ya saa sita akatokea. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, maana pirogue ya upande wetu haikuweki mahali pakavu, na mkononi alikuwa na maua ya plastiki. Ofisini walisoma tangazo wakafikiri amekufa mfanyakazi wa maternité. Walimpa maua, wakamsukuma aje.

Aliwekewa kiti cha mbele, ana kwa ana na mama. Kwaya ikanyamaza.

"Docteur, karibu," mama alisema kwa sauti ya mfiwa, ya chini, yenye adabu nyingi mno. "Weye ulimuona wa mwisho. Utuambie namna alikufa."

Docteur alisimama. Alifuta miwani, akavaa, akafuta tena. Akaanza kueleza réforme. Kila alipotaja neno hilo, wanawake wa mikekani walipandisha kilio. Akinyamaza, wananyamaza. Alijaribu kulipita upande wa maneno ya Kifaransa marefu, wakalia na huko. Wazee wenye tasbihi walikuwa wanamtazama. Komanda alikuwa anamtazama. Jasho lilimtiririka, na masikini yale maua bado yako mkononi, hajui aweke wapi, kwa sababu jeneza halipo. Nilianza kumhurumia, nikajizuia.

"Lakini mama," alisema mwishowe, "maternité haijakufa."

Wanawake waliinua vichwa mikekani.

"Rudilia, docteur," mama alisema. "Bale ba nyuma habakusikia."

"Maternité haijakufa. Itaendelea. Sisi tutasoma tena ile mambo."

"Komanda, umesikia?"

"Nimesikia, mama," alisema komanda, bado kofia iko gotini.

Mama alinyanyuka. Akaenda mpaka kwenye kona, akang'oa makuti kwa mikono yake mwenyewe, akarudi akayaweka kwenye magoti ya docteur. Mtu asiyekufa hawekewi makuti, hata mtoto anajua. Mkuu wa fanfare akauliza kama bado wapige, au warudishe pesa ya nauli. Wakapiga, na hawakupiga wimbo wa kaburini. Hata leo docteur angali anasoma ile mambo, na mlango uko wazi.

Ni katikati ya tarumbeta hizo mke wangu aliponishika kifundo cha mkono. Alinibana mpaka vidole vikafa ganzi. Alikuwa na uchungu tangu alfajiri, akanyamaza, kwa sababu alitaka kuona docteur atasema nini. Hasira zilinipanda na woga ukanipanda pamoja nazo. Nilitazama mto pale chini, maji ya kahawia yanapita bila haraka, na pirogue moja tu kivukoni, dereva wake amelala ndani. Ndipo nikatazama mlango, hatua chache mbele yetu. Mama alikuwa ameshaingia kunawa mikono. Mke wangu akapita katikati ya wafiwa, nao wakasogeza viti kumpisha.

Mtoto alitoka watu wakiwa bado wanakusanya viti vya kukodi. Ni msichana. Docteur alikuwa hajapata pirogue ya kurudi. Akaingia kwa aibu, akampa mke wangu yale maua.

Mama aliniwekea mtoto mkononi. Alikuwa bado amefunga kitambaa cha mfiwa.

"Tangaza," alisema.

Nilifungua programu yangu. Nilishuka tena kwenye matumbo yake, safari hii kwa kidole gumba, nikafuta ile huzuni kubwa, nikafuta kifo, nikaandika kwamba amezaliwa, na mahali: Maternité ya Lubunga. Nikabonyeza. Ikakataa. Nikabonyeza tena, ikakataa, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifundisha kukataa. Mama alisogea akachungulia.

"Inataka nini?"

"Inataka saa ya kufa, mama. Bila hiyo haiwezi kutuma."

Alimfunika mtoto vizuri upande wa kichwa.

"Uiambie ingoje," alisema.