Wiki Mama Alipolala Chini ya Gari

Harufu ya mpira unaoungua hunirudisha Iguguno, uani kwetu, msimu ule alizeti zilipokuwa zimeanikwa juu ya maturubai na kuku wakifukuzwa tangu alfajiri. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, ukaingia kwenye kanga, kwenye nywele, hata kwenye uji. Mama alichuchumaa mbele ya moto wa magunzi, ameshika kwa koleo kipande cha chuma kilichotolewa chini ya gari, akichoma mpira uliochakaa ndani yake ili utoke. Wanawake waliokwenda kisimani walisimama kidogo, wakasalimia, wakaenda zao wakicheka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliona aibu.

Gari lilikuwa la Baba, kuukuu, la rangi ya maziwa, na ndilo lililobeba alizeti za nusu ya kijiji kwenda kukamuliwa Singida mjini. Mwaka ule lilianza kugonga. Likitumbukia shimoni tulisikia "ko!" chini ya miguu yetu, na likishika kasi sehemu ya nyuma iliyumba kama ng'ombe mgonjwa. Baba alisema ni bushi, ile mipira inayowekwa kwenye maungio ili vyuma visisagane. Zilikuwa zimekwisha, za mbele na zile zinazoshika difu, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma. Angezibadilisha mavuno yakiisha. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku moja, kwenye mteremko, gari lilimponyoka likaingia mtaroni pamoja na magunia yote. Gari lilikokotwa hadi uani, naye Baba alirudi amebebwa, mgongo umeumia, akalazwa mkekani barazani, na kwa majuma kadhaa hakuweza hata kukaa.

Alipopata nguvu ya kusema, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba gari liuzwe kama chuma chakavu. Mnunuzi akaitwa, aje Jumamosi. Mama alikuwa akipepeta uwele, na hakuinua kichwa.

"Niachie mpaka hiyo Jumamosi," alisema.

Kesho yake alipanda lori kwenda mjini, akarudi na bushi mpya amezifunga kwenye kanga kama mtu aliyebeba mayai. Fundi wetu alikuwa msibani Manyoni. Basi mkeka wa Baba ukasogezwa ukingoni mwa baraza, yeye akawa macho na Mama akawa mikono. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, ila hivi viwili viligombana kwanza. Baba alifoka kutwa: spana siyo hiyo, nati haigeuzwi huko, mwanamke gani hasikii! Siku ya pili Mama alitoka chini ya gari, uso umejaa grisi na vumbi jekundu, akasimama mbele yake.

"Baba Neema, ukinifokea tena naenda kusonga ugali, na gari lako libaki hapo juu ya magogo."

Nilidhani Baba angekasirika. Badala yake akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nafoka kwa sababu naogopa. Chuma hicho nusura kiniue, na wewe umelala chini yake. Tena nilijua limechakaa, Mama Neema. Nilijua tangu masika, nikaendelea kuliendesha."

"Nilijua kwamba unajua," Mama alijibu. "Haya, hii ya difu inaingiaje?"

Tangu hapo Baba alielekeza kwa upole. Paka sabuni. Pitisha boliti ndefu, kaza kidogo kidogo, mpira utaingia wenyewe. Kila bushi ilipokaa mahali pake Mama alicheka peke yake kule chini, na mimi aibu ikaniisha bila kujua imekwenda wapi.

Jumamosi mnunuzi alitukuta barabarani. Mama, ambaye hakuwa na leseni, alikuwa ameshika usukani, akalipitisha gari makusudi kwenye shimo kubwa mbele ya nyumba yetu. Baba, mkekani kwake barazani, alifumba macho akasikiliza. Kimya. "Mpeni mgeni chai," alisema, "lakini gari haliuzwi." Baba alikuja kutembea tena, kwa mkongojo, ila usukani ulibaki kwa Mama mpaka siku tulipomzika Baba, na miaka mingi baadaye.

Leo naishi Dodoma. Juzi gari langu lilibadilishwa bushi kwenye gereji yenye mashine inayozikandamiza kwa dakika chache. Kazi iliyokula wiki yetu nzima iliisha chai yangu ikiwa bado ya moto, wala sikumwona mtu yeyote akigombana wala akicheka. Nikampigia Mama simu.

"Wamekaza gari likiwa juu au chini?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Bushi hukazwa gari likiwa limekanyaga ardhi, la sivyo mpira hujisokota ukachanika. Baba yako alisahau kuniambia, tukarudia siku nzima, naye akiniomba radhi kwa kila nati. Nenda kaulize."

Nilikwenda. Kijana wa gereji alikuna kichwa, akalishusha gari, akaanza kulegeza nati moja baada ya nyingine.