Mfuko Usiokamuliwa

Shirika la umma alilofanyia kazi mume wangu lilipobinafsishwa, alirudi nyumbani Chang'ombe na kiinua mgongo, na hapo ndipo tulipoanza kuchunguzana. Pesa ile ilikuwa uzee wetu mzima. Ikipotea, tungezeekea milangoni kwa watoto.

Hatukuelewana pa kuiweka, tukaigawa nusu kwa nusu, kila cheti kikiwa na majina yetu wote wawili. Nusu yangu niliiweka kwenye mfuko wa gawio, ule unaoikopesha serikali na kukulipa kidogo kila baada ya miezi kadhaa. Yeye akachagua mfuko unaonunua hisa za kila kampuni iliyoko sokoni. Faida yake haiji mkononi, inabaki humo humo ikinunua hisa nyingine.

"Wewe kunywa maziwa," aliniambia. "Mimi nangoja ndama."

Ndama wa kusimuliwa! Mimi ni binti wa mfugaji wa Haneti. Baba alitawanya ng'ombe wake kwenye mazizi ya marafiki, kijiji hiki na kile, ili ukame au ugonjwa usiwamalize wote. Mtunzaji alikunywa maziwa, ndama walikuwa wa baba. Ila alipokwenda kuwatazama hakutoa taarifa. Alitokea tu asubuhi, zizi halijafunguliwa, akasema, "Nilikuwa napita tu." Mwenye kutoa taarifa, alituambia, huonyeshwa ng'ombe wa kuazima.

Miaka ikaenda. Gawio langu lilinunua sukari, sare za shule, hata mabati ya jiko. Mfuko wa mwenzangu haukununua hata kiberiti. Nikiuliza, jibu ni moja, "Inakua." Inakulia wapi? Na safari zake za Kondoa, eti anafuata alizeti, zikaanza kunichoma. Pesa isiyofika nyumbani ina nyumba nyingine, nilijiambia.

Asubuhi moja nikachomoa cheti chake chini ya godoro, nikatokea kwenye ofisi ya mifuko mjini.

"Shikamoo mama," binti wa kaunta akanisalimu.

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Akatazama kompyuta yake. Ndama walikuwepo wote. Iko miaka soko lilianguka, akanionyesha, lakini ukichukua safari nzima, nusu ya mume wangu ilikuwa imeiacha yangu mbali. Yangu ilikuwa pale pale tulipoiweka, na bei ya sukari si ile tena. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Na ule wangu upo salama?"

"Upo, mama. Hata baba watoto aliuulizia juzi." Akacheka. "Huja mara kwa mara, akitoka Kondoa na alizeti yake. Naye husema anapita tu."

Nikakaa kwenye benchi. Maneno yale mume wangu hakutoka nayo kwao; ni ya baba yangu, aliyasikia kwangu.

Nyumbani nilimkuta mezani, anakoroga sukari ya gawio langu kwenye chai.

"Ulikuwa wapi, mama watoto?"

"Mjini. Nilikuwa napita tu."

Akaacha kukoroga.