Meza Nyeupe ya Mama Bado

Saa moja na nusu asubuhi, soko la mbao la Ndeeba, Kampala. Misumeno bado haijaanza kelele zake, na Filda Ayaa ameshalamba kidole gumba mara tatu. Anakipitisha juu ya ubao, anaangalia unyevu unavyokauka, kisha anausogeza ubao upande wa kushoto. Kushoto ni kwa mbao alizozikataa. Kulia zipo mbili tu.

"Mate ndiyo inaonyesha rangi ya kesho," anasema bila kuinua kichwa. "Ukipaka nta, mbao itakaa namna hii. Kama naona buluu, hata kidogo ya ukucha, mimi sitaki."

Kahambu, mama anayemuuzia, anatazama rundo la kushoto likikua na anaguna tu. Alikimbia Beni, mashariki mwa Kongo, miaka kumi na moja iliyopita, na tisa kati ya hiyo ameuza mbao hapa. Wateja wake wengine huchagua kwa macho wakaenda zao. Filda hunusa, hugonga, huchutama kuangalia kama ubao umepinda, na mwisho hulamba. Ubao wa mwanamke huyu haununuliwi bila kuonjwa.

Ana sababu zake. Mbao nyeupe ngumu, iwe kirundu cha hapa Uganda au ile inayovuka mpaka na kuitwa Ndeeba "nyeupe ya Kongo", ina deko. Mti ukiangushwa, lazima upasuliwe upesi, mbao zipangwe kivulini na vijiti katikati yake ili upepo upite. Ukizubaa siku chache, zinaingia madoa ya buluu ambayo hata ukipiga randa mpaka kesho hayatoki.

Filda ana miaka arobaini na moja. Ni fundi samani wa Nsambya, pale kando ya barabara ambapo vitanda na makochi hupangwa mpaka ukingoni mwa lami. Karakana yake haiko mbali na kambi ya polisi alikozaliwa. Baba yake, Sajini Oola, alitoka Gulu kuja kulinda jiji, na watoto wake wakakulia kwenye Kiswahili cha kambini, kile kisichojali sana sarufi ilimradi mtu afike haraka.

Ni baba huyo aliyeleta nyumbani kreti tupu la vifaa, lililopakwa rangi ya kijani kibichi. Filda, akiwa na miaka kumi na minne, alilikwangua kwa kipande cha chupa ili atengeneze rafu ya vitabu. Chini ya kijani akakuta mbao nyeupe, safi, yenye mistari myembamba. Anasema alikaa chini akaitazama mpaka mama yake akadhani anaumwa. Hakuelewa kwa nini mtu afiche kitu kizuri namna ile.

Jiji zima, lakini, linapenda kuficha. Mteja wa Kampala akija Nsambya anataka kitanda cheusi kinachong'aa, akiambiwa ni mahogani anafurahi, hata kama ni mbao ya juzi iliyopakwa rangi ya kahawia nzito mikono miwili. Kitanda cha aina hiyo huuzwa laki saba na hakimalizi wiki barabarani. Kabati jeupe la Filda linaweza kukaa miezi minne. Wapita njia husimama, hulishika, kisha huuliza swali lile lile: "Hii bado haijaisha?"

Ameulizwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba majirani zake wamemwita Mama Bado, na yeye amelipokea jina hilo kwa roho safi. Hata mume wake, Ocaya, askari mstaafu, humwita hivyo akitaka chai.

Utani una mwisho wake, lakini. Nyumbani kwake kuna mbao nyembamba za kirundu, zisizofaa kwa meza, zilizopangwa kwa vijiti kwa miezi kumi na tisa, kavu, zisizo na doa, zikisubiri mtu wa kuzitaka. Miaka miwili ameuza vitu vyeupe kumi na tisa tu, na amekula kwa kutengeneza milango ya watu wengine. Mwezi uliopita alimwambia Ocaya kwamba amechoka kubishana na jiji. Meza hii anayoinunulia mbao leo Jumatatu ndiyo ya mwisho. Isipomletea kazi nyingine, Jumatatu ijayo atanunua kopo la rangi ya kahawia na atazipaka zote. Anapoeleza hilo, sauti yake hushuka.

Oda ya meza hiyo haikupokelewa na yeye. Filda akienda kupiga mbao randa kwenye mashine humwachia Kahambu simu yake, maana vumbi limeshamuulia mbili. Aliyepiga alikuwa Husnah Nantume, mwenyekiti wa umoja wa wauza samaki wa Ggaba, ambaye aliona benchi jeupe la Filda kwenye kliniki moja ya Mengo. Aliposikia aliyepokea ni Mkongomani, aliacha Kiganda akahamia Kiswahili.

Kahambu alishika maagizo yote kichwani. Meza iwe nyeupe, isipakwe rangi hata tone. Iwe pana. Katikati iwe na tundu. Iwe ya kula. Watu ni themanini na sita, lakini watakuja mmoja mmoja.

Hilo la mwisho lilimshangaza kidogo. Ni chakula gani hicho watu themanini na sita hula kwa foleni? Kisha akakumbuka kwamba wauza samaki hawawezi kuacha meza zao wote kwa pamoja, akaona wana akili. Filda naye hakusumbuka. Lile tundu la katikati alilielewa mara moja: ni la mwavuli, maana Ggaba jua la ziwani halina huruma.

Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi anaifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Miguu anaiunganisha kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Hapa ndipo mbao nyeupe inapomtofautisha fundi na mbabaishaji. Kwenye samani ya kahawia, pengo kati ya mbao mbili hujazwa unga wa mbao na gundi, rangi ikapita juu, mambo yakaisha. Kwenye nyeupe, pengo la unene wa kucha huonekana toka mlangoni.

"Nyeupe inakusema," anaeleza, akipuliza vumbi kwenye patasi. "Kama ulikosea saa nne, mutu atakuja saa kumi na ataona ulikosea saa nne. Mimi nataka hivyo. Mutu aone kazi yangu yote."

Anasugua kwa msasa mara nne, kila mara laini zaidi, kisha anapaka nta ya nyuki kwa kitambaa cha shati kuukuu la Ocaya. Rangi inayotokea ndiyo ile ile iliyoonyeshwa na mate ya Jumatatu. Anacheka peke yake, kwa furaha ya mtu aliyebahatisha na kupatia.

Ijumaa mchana meza inashushwa Ggaba, mbele ya ofisi mpya ya umoja, chumba kipana cha matofali ambacho ndani bado ni saruji tupu. Kahambu amekuja pia. Husnah anatoka akijifuta magamba ya samaki mikononi. Anaizunguka meza. Anaipapasa. Anainama kuangalia chini yake kama anatafuta kitu kilichoanguka.

"Nzuri sana, nyabo. Lakini mimi nilisema ya kula."

Filda anamjibu kwamba ndiyo, ni ya kula, watu kumi na wawili wanakaa bila kubanana.

"Si ya kula chakula," anasema Husnah, taratibu. "Ya kula ya kuchagua. Kalatasi unaweka ndani, mutu mwingine haoni."

Kahambu anajishika kichwa. Jumapili umoja una uchaguzi wake wa mwaka. Husnah alitaka meza ya kura, na kwenye ulimi wa Waganda wengi r na l hubadilishana viti, kwa hiyo kura ikatoka mdomoni ikiwa kula. Tundu lilikuwa la kupitishia karatasi za kura. Watu themanini na sita wangekuja mmoja mmoja kwa sababu kura ni siri.

"Njo maana," anasema Kahambu polepole. "Nilijiuliza, hawa batu banakula namna gani?"

Husnah ndiye anayeanza kucheka, na akicheka hucheka na mwili mzima. Wauza samaki wanasogea, wanaelezwa, nao wanaangua kicheko. Filda anajitahidi kucheka nao, lakini uso umemshuka. Anaiona mbao yake nzuri ikirudi Nsambya kusubiri miezi mingine minne, na kopo la kahawia likimngoja Jumatatu.

Husnah anajifuta machozi, kisha anamweleza kwa nini aliomba nyeupe. Uchaguzi uliopita walitumia sanduku lililopakwa rangi nzito. Walioshindwa walisema lina sakafu mbili, na kura zao zimelala katikati. Hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha, na soko likagawanyika miezi sita, watu hawasalimiani. Alitaka mbao ambayo kila mtu ataiona mpaka mshipa.

Filda anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anaingiza mkono kwenye tundu la mwavuli, anapapasa chini ya meza, na uso wake unabadilika. Anatoa futi mfukoni.

"Usitafute meza ingine," anamwambia Husnah. "Jumapili nakuja na sanduku yake."

Jumamosi nzima anatumia vipande vilivyobaki vya mbao ile ile. Anatengeneza sanduku linaloingia chini ya meza kama droo, likikaa sawasawa chini ya tundu. Kila kona imeshikana kwa meno yaliyochongwa, na kila jino linaonekana.

Jumapili, kabla ya kura ya kwanza, sanduku linapita mkono kwa mkono. Mwanamume aliyepiga kelele zaidi mwaka jana analigeuza juu chini, analigonga, anapima kina chake kwa kiganja, ndani na nje. Anatafuta kwa muda mrefu kuliko wote. Mwishoni analirudisha na kusema halina pa kufichia hata dagaa.

Wanapiga kura mmoja mmoja. Wanachagua viongozi, kisha inakuja kura ambayo Filda hakujua ipo, na ambayo Husnah aliongeza kwenye ajenda usiku uliotangulia: ofisi yao ivalishwe mbao gani ndani? Kuta, kaunta na mabenchi viwe vyeusi vya kung'aa kama ofisi za Nakasero, au vyeupe kama meza hii?

Filda anatoka nje. Anasema hakuweza kukaa. Anasimama karibu na mashua, anahesabu mafungu ya sato bila kujua anahesabu nini, mpaka Kahambu anakuja kumvuta mkono.

Nyeupe sitini na moja. Nyeusi ishirini na tano.

Filda analia kidogo, haoni haya. Mbao zake za miezi kumi na tisa zinatosha kuta zote nne, na kwa kaunta Kahambu ameshaahidi kumtengea mzigo mpya kabla wengine hawajaugusa. Kazi itachukua miezi mitatu. Baada ya hapo anataka kutundika kibao karakanani, ubao mweupe wenye maneno mawili yaliyochongwa, Mama Bado, ili wapita njia wapate jibu kabla hawajauliza.

Sanduku linatolewa, na samaki wa mchuzi wanaletwa. Viti kumi na viwili vinaizunguka meza, wengine wanakula wamesimama. Kahambu anamwambia kila anayemsikiliza kwamba yeye hakukosea, kwani si wanakula?

Katikati ya vicheko, bakuli linapinduka. Mchuzi mwekundu unatambaa juu ya mbao nyeupe, na soko zima linamgeukia Filda. Husnah anarukia kitambaa, akiomba samahani kwa lugha mbili. Filda anaufuta mchuzi yeye mwenyewe, bila haraka. Doa limebaki, jekundu, ukubwa wa sarafu. Analamba kidole gumba, analigusa, analiangalia likikauka.

"Acha," anasema. "Sasa imeisha."