Mama Kwenye Picha ya Mfano

Harufu ya mashudu ya alizeti yakiwa bado ya moto ikinipata popote, huwa nabadilisha njia. Wenzangu husema inanukia vizuri.

Kompyuta zilipoanza kuingia Singida mjini, mama alinichukua kutoka kijijini kwetu Iguguno tukakamue alizeti. Foleni ilikuwa ndefu. Jirani na mashine ya kukamulia kulikuwa na duka la picha la Mzee Ramadhani, aliyekuwa amenunua kamera isiyotumia mkanda. Akatoka akawapiga picha bure watu wa foleni, apate za mfano za kuwaonyesha wateja. Mama alipigwa akiwa amekalia gunia, vumbi la makapi limemjaa kwenye nyusi, kilemba kimekwenda upande, anacheka na jino lake lililokatika.

Tukaitwa ndani. Kamera ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta kwa waya, na mama akajaa kioo kizima. Watu wakaangua kicheko. "Jamani, bibi huyo wa wapi?" mama akasema, akicheka kuliko wote. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa na miaka tisa, na aibu zangu zilikuwa za kijinga.

Mama alipotoka kuangalia zamu yetu, nikamng'ang'ania mzee anipige na mimi.

"Kamera imejaa, mjukuu wangu. Mpaka tutoe moja. Tutoe ipi?"

Nikanyoosha kidole kwa mama kwenye kioo.

"Huyu si mama yako?"

"Ndiyo, babu. Toa tu."

Msinihukumu haraka. Kwetu mpiga picha alitunza mikanda ya watu wote, hata waliohama, na ukirudi baada ya miaka alikusafishia nyingine. Nilijua kutolewa ni kuwekwa kando. Mzee akabonyeza, kisha akanipiga nimesimama wima, kola nimeinyoosha. Picha yangu akanipa zawadi.

Masika yaliyofuata mama alifariki akijifungua. Baba akatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, akakosa, maana mama hakuwahi kupigwa nyingine. Nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba ipo mjini, kwa Mzee Ramadhani. Mjomba akadandia lori alfajiri. Alirudi tukiwa tumeshamaliza sala, mikono mitupu.

"Ilifutwa," alimwambia baba. "Wanasema mashine yao ikifuta imefuta."

Hakusema nani aliomba ifutwe. Lakini alinitazama, nami nikajua ameambiwa. Hakunitaja hadi anaingia kaburini, na baba naye alikufa akiilaumu mashine.

Picha yangu ninayo bado. Wanangu huisifia, halafu huniuliza bibi yao alikuwa anafananaje. Nawaambia habari za vumbi, za kilemba, za jino. Wanangoja niendelee. Sina cha kuendelea nacho, kwa sababu uso wenyewe, ule nilioonea aibu, umeshanitoka. Nikifumba macho naona gunia tu.